Lala salama ya shimoni: kwa nini gemu za zamu hulegea mwishoni, na kwa nini huua ghafla

Ghorofa ya pili. Mhusika wako ana pointi 14 za uhai, kisu kimoja, na chupa mbili za dawa ambazo hujui zinatibu au zinaua. Mbweha watatu wanaingia chumbani. Mkono unaganda juu ya kibodi. Ukibaki katikati ya chumba watakuzunguka, na kila zamu utang'atwa mara tatu. Ukirudi nyuma hatua mbili utaingia kwenye ujia mwembamba, nao watalazimika kupanga foleni. Lakini hatua hizo mbili zina gharama yake, kwa sababu kila zamu unayotembea ni zamu usiyopigana. Unaamua, unarudi, unawamaliza mmoja mmoja, unabaki na pointi tano. Mapigano yote yamechukua zamu kumi hivi, na hakuna hata moja uliyoicheza bila kufikiri.

Saa saba baadaye mhusika yuleyule yuko ghorofa ya 22. Mlango unafunguka, chumba kimejaa mazimwi ambayo kwa majina yao tu yangekutoa jasho siku ile ya mbweha. Unashikilia kitufe kimoja. Wanaanguka. Mkono wa pili unapitia ujumbe kwenye simu. Ghorofa ya 23, hivyohivyo. Ghorofa ya 24, kitu ambacho hata hukukiona kinapuliza pumzi kutoka gizani, na maandishi yanakuarifu kwamba umekufa.

Wachezaji hulalamikia mambo haya mawili kana kwamba yanapingana. Mmoja anasema mwishoni gemu ni rahisi mpaka inalaza. Mwenzake anasema mwisho wake ni wa uonevu mtupu. Mara nyingi wanazungumzia gemu ileile, na wote wawili wana haki. Usingizi na kifo cha ghafla ni dalili mbili za ugonjwa mmoja, na dawa wanayoikimbilia watengenezaji wengi kuutibu upande mmoja huuzidisha upande wa pili.

Tuanzie kwenye ukoo wenyewe wa gemu hizi za shimoni. Rogue ilitoka mwaka 1980, kazi ya Michael Toy na Glenn Wichman, Ken Arnold akaungana nao baadaye. Shimo lilichorwa upya kila ulipoanza, ukifa umekufa, na kazi yako ilikuwa kushuka hadi ghorofa ya 26, kuchukua Hirizi ya Yendor na kupanda nayo hadi juu. Watoto na wajukuu wake ni wengi: NetHack ya 1987, Angband ya 1990, ADOM ya 1994, Dungeon Crawl Stone Soup iliyochipuka mwaka 2006 kutoka kwenye gemu ya zamani zaidi, Brogue ya 2009, mpaka wajukuu wanaopigana kwa karata kama Slay the Spire. Wanatofautiana sana, ila tabia moja imewashika wote: zamu. Adui hasogei mpaka usogee wewe. Unaweza kwenda kulala, ukarudi kesho, ukalikuta joka limesimama palepale mdomo wazi.

Kwa hiyo wepesi wa vidole hauhusiki. Ugumu wa gemu ya zamu unajengwa kwa malighafi mbili tu: vitu usivyovijua na vitu vinavyoweza kukuishia. Pale kwa mbweha vyote viwili vilikuwepo. Hukujua dawa zako, hukujua ujia unaishia wapi, uhai wako ulihesabika kwa vidole. Ghorofa ya 22 umeshatambua kila chupa, unajua kila zimwi linafanya nini, na begi limejaa. Malighafi zimekwisha, na ghorofa bado zinaendelea.

Kabla ya kwenda mbali, tupige hesabu kidogo, kwa sababu neno "ugumu" lina mtego ndani yake.

Chukua shimo la ghorofa 26, na mchezaji mwenye uwezekano wa asilimia 3 wa kufa katika kila ghorofa. Asilimia 3 inaonekana si kitu. Lakini zidisha 0.97 kwa yenyewe mara 26, utapata kama 0.45, maana yake zaidi ya nusu ya safari zake zitaishia njiani. Pandisha hatari iwe asilimia 10 kwa ghorofa, na watakaofika mwisho ni kama 6 au 7 katika kila 100. Gemu ndefu haihitaji kuwa katili ili iue wengi, urefu wenyewe unaua.

Sasa panga upya hatari ileile. Ghorofa tano za kwanza ziwe na asilimia 10 kila moja, na 21 zilizobaki ziwe na asilimia 1. Ukizidisha unapata takriban 0.48. Pindua mpangilio: 21 za kwanza asilimia 1, tano za mwisho asilimia 10. Jibu ni lilelile, 0.48, kwa kuwa kuzidisha hakujali nani ametangulia. Kwenye karatasi gemu hizi mbili zina ugumu sawasawa. Mkononi hazifanani hata chembe. Tuseme ghorofa moja inachukua dakika 20. Anayekufa ghorofa ya tatu amepoteza saa moja. Anacheka, anaanza tena. Anayekufa ghorofa ya 24 amepoteza saa nane, na huenda asiiguse gemu hiyo kwa mwezi mzima.

Hapo ndipo penye fundo. Mtengenezaji akiuliza "mwisho uwe mgumu kiasi gani?" anajibu maswali mawili kwa wakati mmoja bila kujijua: wangapi wafe, na kila kifo kigharimu saa ngapi. Ulegevu fulani wa mwishoni, basi, si uzembe. Ni huruma. Tatizo ni pale huruma inapogeuka kuwa saa tatu za kushikilia kitufe.

Mbona ulegevu wenyewe unakuja hata pale ambapo hakuna aliyeukusudia?

Sababu ya kwanza ni ile ya mwenye nacho kuongezewa. Mhusika mwenye nguvu anaua haraka, akiua haraka anaumia kidogo, akiumia kidogo hatumii dawa, na dawa asizotumia zinarundikana begini kuwa akiba ya siku mbaya. Dhaifu anakunywa leo alichopaswa kukinywa kesho. Tofauti ndogo ya ghorofa ya nne inakuwa pengo la ghorofa ya 14.

Sababu ya pili haizungumzwi vya kutosha: chujio. Rudi kwenye ile gemu yenye mwanzo mkali. Kati ya safari 100, ni 59 tu zinazopita ghorofa ya tano, na hazikupita kwa kura. Zimepita zile zilizookota deraya nzuri mapema, au zilizo mikononi mwa mtu anayejua kuutumia ujia mwembamba. Mtengenezaji anayekaa chini kupima ghorofa ya 20 kwa "mhusika wa kawaida" anampimia nguo mtu ambaye hayupo. Wa kawaida alikufa zamani. Aliyefika huko ana bahati, au ana ujuzi, au ana vyote.

Ya tatu nimeshaigusa, ni kujua, na sina la kuongeza.

Ya nne ndiyo yenye utamu, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndiyo inayoeleza vile vifo vya ghafla.

Kinga hazijumlishwi, zinazidishana. Tuseme mhusika wako ana kuta tatu. Wa kwanza ni kukwepa, nusu ya mapigo yanapita hewani. Wa pili ni deraya, inayokata nusu ya pigo lililofika. Wa tatu ni kinga ya moto, inayoacha theluthi tu ya moto upite. Joka la moto lenye pigo la 60 linakukosa mara moja katika mbili, na likikupata unapoteza 10. Kwa wastani ni pointi 5 kwa zamu. Kama una pete inayorudisha pointi 5 kila zamu, joka hilo ni mapambo. Unaweza kuliacha likupulizie mpaka lichoke lenyewe.

Mtengenezaji anaona hili, au anaandikiwa malalamiko. Anafanya lililo rahisi: anazidisha pigo la joka mara kumi. Sasa ni 600. Wewe mwenye kuta tatu, likikupata unapoteza 100. Kama uhai wako ni 200, umerudi kwenye gemu. Unafikiri, unakimbia, unakunywa dawa. Safi. Lakini mwenzako ana kila ulicho nacho isipokuwa ukuta wa tatu. Hakuokota pete ya kinga ya moto, shimo halikumpa. Yeye likimpata anapoteza 300. Uhai wake pia ni 200. Hana zamu ya kufikiri. Ukuta mmoja umewatenganisha, na kati ya usalama wake na kifo chake hakuna hata zamu moja ya katikati.

Ndiyo maana nasema ugonjwa ni mmoja. Kuta zikizidishana zinazaa usingizi. Namba zikipandishwa kuufukuza usingizi zinazaa kifo kisicho na onyo kwa kila aliyekosa ukuta mmoja. Mlalamikaji wa kwanza anazo kuta zote. Wa pili amekosa mmoja. Wamekaa ghorofa ileile.

Gemu inayoonyesha hili waziwazi ni Angband, ambako maadui wakuu wawili wanakungoja, Sauron ghorofa ya 99 na Morgoth ya 100. Huko pumzi ya zimwi inategemea uhai lililobaki nao, na ya moto, baridi, umeme au tindikali inaweza kufika 1,600. Kinga moja inaibakiza theluthi, kama 533. Ukiongeza kinga ya muda, ya dawa kwa mfano, inabaki sehemu moja ya tisa, kama 177. Mchezaji yuleyule, zamu ileile: maiti, majeruhi, au mtu aliyekwaruzwa. Wakongwe wa Angband wana hofu ya pekee na drolem, sanamu linalotembea na kupuliza sumu, kwa sababu linajitokeza kwenye kina ambacho wengi hawajapata kinga ya sumu. Hakuna anayesimulia pambano refu na drolem. Husimulia walikuwa wanafanya nini kabla.

Na juu ya kuta kuna kasi, ambayo katika gemu ya zamu ni sarafu kuu kuliko upanga wowote. Mwenye kasi ya nyongeza 10 katika Angband anapata zamu mbili pale mwenye kasi ya kawaida anapopata moja; nyongeza 20, zamu tatu. Fikiri maana yake. Zamu ya ziada unaweza kuigeuza chochote: pigo, hatua ya kukimbia, chupa ya dawa. Adui anayekushinda kasi mara mbili anakupulizia mara mbili kabla hujajibu, na yale mapumziko ya kufikiri ambayo ndiyo roho ya gemu ya zamu yanatoweka. Nadhani watengenezaji wengi huichukulia kasi kama sifa moja kati ya sifa nyingi. Mimi ningeilinda kama funguo za ghala.

NetHack ilipita njia nyingine. Uzito wa mazimwi yanayozaliwa haufuati kina peke yake: ukomo wake ni kina cha ghorofa kikijumlishwa na daraja la mhusika (kiwango cha uzoefu wake), kisha kikagawanywa kwa mbili. Wazo ni la busara, kwani anayeshuka haraka akiwa mchanga hapondwi papo hapo, na anayejinenepesha juujuu anafuatwa na mazimwi manene. Lakini lina mlango wa nyuma. Kama nguvu yako inatoka kwenye vifaa kuliko daraja, unaweza kubaki na daraja dogo kwa makusudi na kushuka ukiwa na deraya ya kutisha, huku gemu ikidhani wewe bado mtoto. Kila kipimo kinachomtazama mchezaji hatimaye mchezaji naye hukitazama.

Kwa upande wa mwisho wake, NetHack ni mtihani wa kukagua begi. Una kinga ya uchawi? Una kinachorudisha miale? Una namna ya kukwepa kugeuzwa jiwe? Kwa miaka mingi uchawi wa mguso wa kifo ulimuua papo hapo asiye na kinga, na mwenye nayo aliendelea na shughuli zake. Wazoefu wana orodha, wanaikamilisha, kisha wanashuka. Kuikamilisha kunafurahisha sana. Kushuka baada ya kuikamilisha, kupitia ile misururu ya vichochoro vya kuzimu vinavyofanana, ndiko ambako watu wengi huanza kupiga miayo. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa gemu hiyo.

Hata hivyo NetHack hiyohiyo ina wazo la lala salama ambalo sijaona wengi wakiliiga ipasavyo. Ukishaichukua Hirizi, kazi haijaisha; inabidi uibebe ghorofa zote kwenda juu. Mchawi wa Yendor, uliyemuua tayari, anarudi tena na tena kukusumbua, na kuzimu kuna nguvu isiyoonekana inayoweza kukurudisha chini ghafla unapopanda ngazi. Hakuna namba iliyokuzwa hapo. Kilichobadilika ni sheria ya kutembea. Ghorofa uliyoipita kwa dharau sasa inabidi uifikirie.

Na hilo ndilo linalotenganisha dawa nzuri na mbaya. Namba kubwa inakuuliza "unacho au huna?" Sheria iliyopindwa inakuuliza "utafanyaje?"

Slay the Spire, iliyotoka rasmi mwaka 2019, inafundisha hili vizuri kwa sababu tabia ya mwenye nacho kuongezewa iko wazi ndani ya karata. Kuna mikusanyo ya karata inayojizungusha: unacheza, unavuta, unacheza tena, na zamu yako haiishi mpaka adui afe. Kumwongezea uhai bosi (adui mkuu wa hatua) hakusaidii, kisichoisha hakijali ukubwa. Kwa hiyo bosi mmoja, Mla Wakati tukimtafsiri jina, anahesabu karata zako; ukicheza ya 12, zamu yako inakatika pale ulipo, naye anaongezeka nguvu. Moyo, bosi wa mwisho kabisa, unakataa kupokea zaidi ya pointi 300 za madhara kwa zamu moja, na kila karata unayocheza inakutoa pointi ya uhai. Mwenye mkusanyo wa kutisha bado ana faida, haki yake haikuporwa. Ila sasa anahesabu tena. Karata ya kumi mkononi, je, niicheze au niishikilie? Mbweha wamerudi.

Kuna walioamua kufunga mabomba badala ya kuhangaika na mafuriko. Brogue haina pointi za uzoefu kabisa. Kuua zimwi hakukupi kitu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzungukazunguka ghorofa ukiwinda. Nguvu inatoka kwenye vitu, hasa magombo ya kuongeza nguvu, na gemu inahakikisha idadi yake kwa safari nzima haiyumbi sana: yasipotokea ghorofa hii, uwezekano wa kutokea ijayo unapanda. Mtengenezaji anajua takriban una magombo mangapi ukifika ghorofa ya 20. Asichojua ni umeyatia kwenye nini. Hapo ndipo uamuzi mzito unapokaa. Ukiyarundika yote kwenye kitu kimoja unakuwa na nguvu ya ajabu na udhaifu wa ajabu. Ukiyatawanya hufiki popote. Chujio bado lipo, bahati bado ipo, lakini pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho halipanuki bila kikomo.

Dungeon Crawl Stone Soup imefanya kazi ya bustani kwa miaka mingi, ikikata kila tawi linalomlipa mchezaji kwa kujichosha. Maduka yanauza tu, hayanunui, kwa hiyo hakuna anayebeba takataka za shimo zima kwenda kuziuza. Chakula, ambacho tangu Rogue kilikuwa saa ya kumsukuma mchezaji ashuke, kiliondolewa kwenye toleo la 0.26 la mwaka 2021. Ukitazama sababu unaelewa: saa ya njaa ilimbana mgeni wa ghorofa za juu, ambaye hata hivyo alikuwa anasukumwa na kila kitu, na haikumgusa mkongwe mwenye lundo la vyakula. Ilikaza palipokaza na kulegea palipolegea. Mahali pake pakawekwa saa nyingine inayompa kila mtu muda mpana, unaoongezwa anapofika ghorofa mpya, na inayomuandama yule tu anayezurura mno. ADOM nayo ilikuwa na saa yake, ya kikatili zaidi: vurugu la kiulimwengu linakuharibu mwili taratibu, mara pembe zinakuota, na ukichelewa sana unageuka kitu kisicho mtu na safari imekwisha. Saa hiyo huongeza kasi jinsi muda unavyokwenda. Ni moja ya saa chache zinazouma zaidi mwishoni kuliko mwanzoni, na ndiyo maana waliomaliza ADOM wanaikumbuka.

Into the Breach ya mwaka 2018 inakwepa tatizo kwa kukataa namba kubwa tangu mwanzo. Uwanja ni miraba minane kwa minane. Mapigo ni ya pointi moja, mbili, tatu. Kila adui anaonyesha atakachopiga kabla hajapiga, kwa hiyo hakuna pumzi ya gizani. Uhai ukiwa pointi tatu, kuta hazina nafasi ya kuzidishana. Tena mchezaji mwenyewe ndiye anayeamua lala salama ianze lini: akishalinda visiwa viwili anaweza kwenda vita vya mwisho, au akaendelea hadi vinne, na maadui wanapanda kulingana na alivyochagua. Aliyechoka anamaliza. Aliyenoga anaendelea, na anaendelea kupata upinzani.

Kumwachia mchezaji achague kina ni dawa ya bei nafuu kuliko zote, na sielewi kwa nini haitumiki zaidi. Stone Soup inahitaji rune tatu tu (hazina za kichawi zinazotumika kama funguo) ili uingie sehemu ya mwisho, lakini zipo 15 kwa anayetaka kujitesa. Brogue inakuruhusu upande na Hirizi ukifika ghorofa ya 26, lakini shimo linaendelea hadi ya 40 kwa mwenye tamaa. Slay the Spire ina madaraja 20 ya ugumu unayoyafungua moja baada ya jingine, na la mwisho linakupa mabosi wawili mfululizo. Hapo mkongwe na mgeni hawagombanii tena gemu moja.

Kuna wanaopinga haya yote. Wanasema nimehangaika saa nane, nimejenga mhusika wangu kwa jasho, niache nitambe. Nina wasiwasi na watengenezaji wasiowasikiliza watu hawa. Kuponda kundi lililokukimbiza jana ni raha halali, na gemu inayompandishia adui kila unapopanda wewe inakuibia ushahidi kwamba umekua. Ukitaka kuona uchungu wake, tazama gemu ambapo panya wa ghorofa ya 20 anakuuma kwa uwiano uleule wa panya wa ghorofa ya kwanza. Namba zimekua, wewe hukukua. Ghorofa moja ya kutamba, sawa. Mbili, haya. Nane ni adhabu iliyovaa nguo za zawadi, na dawa yake mara nyingi haihitaji akili yoyote: zifute ghorofa sita. Kufuta ndiyo kazi ya mizani, yaani ya kusawazisha ugumu wa gemu, inayofanywa mara chache kuliko zote, kwa sababu kila ghorofa ina mtu aliyeichora.

Kama ningelazimika kupima lala salama ya gemu kwa kitu kimoja, nisingeangalia asilimia ya ushindi. Ningeangalia vitu vilivyobaki begini mwa maiti. Anayekufa ghorofa ya tatu kwa kawaida hana kitu; alijaribu kila chupa. Anayekufa ghorofa ya 24 akiwa na begi tupu alipigana kweli, gemu ilimnyonya hadi tone la mwisho, na hana la kulalamika. Anayekufa na begi zima ana moja ya kesi mbili: pigo halikumpa zamu ya kufungua begi, na hilo ni kosa la mizani, au zamu alikuwa nazo na hakuziona.

Kifo changu kilichoniuma zaidi nilikihifadhi, orodha na yote. Ghorofa ya 24. Begini: dawa za kutibu saba, magombo ya kuhama mawili, fimbo ya kuchimba ambayo ingenitoboa sakafu nikadondokea ghorofa ya chini kwa zamu moja. Kwa siku mbili nililaani pumzi ile iliyotoka gizani na kumwambia kila aliyenisikiliza kwamba gemu imeharibika. Kisha nikasoma kumbukumbu ya ujumbe nikirudi nyuma mstari kwa mstari. Zamu sita kabla ya kufa, ulikuwepo: "Unasikia kitu kikubwa kikivuta pumzi." Zamu tano kabla, tena. Zamu nne kabla, tena. Ilikuwa imeandikwa mara tatu, kwa rangi ya njano, chini ya skrini niliyokuwa siitazami kwa sababu kidole kilikuwa bado kimeshikilia kitufe.